Matawi Barabarani, Fono Dirishani

Juzi nilikuwa dukani kule Karavia na mjukuu wangu, katika moja ya maduka haya mapya yenye baridi ya kukufanya uombe koti, ambamo mziki unatoka juu darini na humwoni anayeupiga. Nilikuwa nimeshika pakiti ya sukari. Umeme ukakatika. Watu wote wakaguna: giza, friji, mashine ya kulipia. Mimi giza sikuliona. Nilichosikia ni kwamba mziki umenyamaza. Nikaanza kupanga watoto wangu kichwani, mmoja mmoja, nikitafuta yupi sijamsikia tangu asubuhi.

"Kambo, uko nafanya nini?" mjukuu akaniuliza; kambo kwetu ni bibi.

"Niko nasikiliza."

"Lakini hakuna kitu ya kusikiliza."

Ndiyo maana, mama. Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza. Ninyi wa umri wangu mliokulia Lubumbashi, mtanielewa bila maelezo. Hao wengine itabidi niwaeleze.

Kwenye mtaa wetu, robine, yaani bomba la maji, ilikuwa moja, na kando yake mlingoti, na juu ya mlingoti kipaza sauti cha bati kilichofanana na ua la boga. Kilikuwa kimefungwa waya hadi ofisi ya Baba Kalenga, jirani yetu, mwanamume mwembamba aliyevaa kaptula ya kaki na soksi ndefu hata jua likiwaka. Kazi yake ilikuwa kufungua redio asubuhi ili mtaa mzima usikie, na kuifunga jioni. Hiyo tu. Lakini kwangu mimi, mtoto niliyekuwa bado na pengo la meno ya mbele, Baba Kalenga alikuwa mkubwa kuliko padri. Padri alituambia tupendane na hatukupendana. Baba Kalenga aliminya kidude tu, na watu wakapendana.

Niliyaona kwa macho yangu. Asubuhi zilipopigwa gitaa zile za kwetu, za vidole viwili, wanawake kwenye robine walipishana. "Weka yako kwanza, mwenzangu, weye uko na mutoto mugongoni." Walitingisha kiuno kidogo wakingoja ndoo ijae, kana kwamba hawatingishi. Ikija rumba ya jioni, hata mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alirudi na ndoo kichwani akiwa na uso laini. Mimi nilikuwa mjanja: nikitaka sukari kwenye uji, nilisubiri rumba. Sikuwahi kuomba kitu wakati wa fanfare. Maana zilipopigwa zile tarumbeta za askari, ndoo zilianza kugongana, huyu akamwambia yule umenikanyaga, yule akajibu na mguu wako umeuweka wapi, na mama akirudi nyumbani alipita bila kututazama.

Na katika miaka ile, miaka ya Katanga kuwa nchi peke yake, na bendera yake yenye misalaba midogo ya shaba, tarumbeta zikawa nyingi. Tarumbeta, kisha hotuba, kisha tarumbeta. Watu wazima walisema mambo yameharibika kwa sababu ya wakubwa, ya shaba, ya wazungu. Mimi nilijua sababu. Baba Kalenga alikuwa anakosea mziki.

Jambo jingine nililolijua, na hili kila mtoto wa mtaa alilijua, ni kwamba kipaza sauti kilinyamazishwa kabla ya saa yake kwa kitu kimoja tu: kilio. Mtu akifariki mtaani, mmoja wa familia alikwenda kwa Baba Kalenga, hakusema mengi, na mziki ukakatika palepale, hata katikati ya neno. Wanaume wakakata matawi na kuyalaza barabarani mbele ya nyumba ya msiba, ili anayepita ajue, apunguze mwendo na avue kofia. Wakaleta viti, wakawasha kigogo cha moto. Wanawake wakaingia ndani na mikeka. Hakuna aliyefungua mziki mpaka marehemu azikwe. Mziki ukinyamaza, mama alitoka nje na kuuliza kitu kimoja: "Kwa nani?"

Sasa sikilizeni. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la Mgiriki mmoja aliyefanya biashara ya samaki. Alikuwa akienda Kilwa, si ile ya pwani, ya kwetu kule ziwani, na kurudi na magunia ya samaki wa kukausha, na nguo zake zilinuka moshi na ziwa mpaka mama akazianika nje kabla hajamruhusu aingie. Safari ninayosimulia aliondoka wakati wa mvua za kwanza, kumbikumbi wakiruka. Aliniinua akanigusisha kichwa kwenye dari ya lori.

"Chola, nikuletee nini?"

"Samaki ya mayai!"

"Basi mayai njo yako, mifupa ya mama yako," akasema (njo yetu ni ndiyo yenu), na mama akamtupia kitambaa cha jikoni.

Hakurudi siku alizozoea kurudi. Wakasema daraja limevunjwa. Wakasema askari wamefunga njia. Kisha mjini kwetu kukaanza milio ya bunduki, kwanza mbali, upande wa uwanja wa ndege, kisha karibu, na askari wa kofia za bluu wakapita kwenye magari meupe. Tukalala chini ya kitanda na mama, tukila bukari baridi, ugali wetu. Na asubuhi moja milio ilipotulia kidogo, nikatoka uani, nikangoja gitaa.

Hakuna. Nikangoja tena. Mchana hakuna. Jioni, rumba hakuna. Kipaza sauti kimekaa juu ya mlingoti na mdomo wazi, shomoro wanaingia na kutoka.

Nikaenda kutafuta matawi. Nilizunguka mtaa mzima, chini mpaka karibu na mto Naviundu, nikitazama mbele ya kila mlango. Hakuna tawi hata moja. Hakuna viti, hakuna moto. Lakini watu walikuwa na nyuso za kilio kabisa! Walisalimiana chini chini. Wanawake kwenye robine hawakupishana wala hawakugombana, walisimama tu, na robine yenyewe ikitoa maji kama machozi. Mama alinikuta nikiuliza, akanivuta mkono: "Funga kinywa, ingia nyumba." Basi akili yangu ya mtoto ikapiga hesabu yake. Mtu amekufa. Wote wanajua. Maiti haipo hapa, ndiyo maana hakuna matawi. Nani hayupo hapa?

Loo, jinsi nilivyoelewa! Nilielewa vizuri kabisa, na yote yalikuwa uongo.

Sikumwambia mama. Nilifikiri ananificha ili nisilie, nami nikamficha ili asijue kwamba najua. Nilibeba hivyo, sijui siku ngapi, mpaka nikaona haya: baba wa mtu amekufa, na mtoto wake anaruka kamba? Basi mchana mmoja mama alipokwenda kuteka maji mtoni kwa sababu robine ilikuwa imekauka, nikafanya kama nilivyoona wanawake wakifanya. Nikavua viatu na ushanga. Nikachukua kitenge cha mama, nikakifunga kiunoni. Nikatandika mkeka karibu na mlango, nikakaa miguu imenyooka, mgongo ukutani, nikaanza kulia taratibu, kwa heshima.

Mama akaingia na ndoo kichwani.

Sijawahi tena kuona uso kama ule. Ndoo ilianguka, maji yakaja mpaka kwenye mkeka.

"Nani alikuya? Chola! Nani alileta habari?"

Mfiwa hasemi sana, nilikuwa nimejifunza hivyo. Nilitikisa kichwa tu na kulia zaidi.

"Njo baba yako? Njo yee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Na mama yangu, aliyekaa siku zote zile bila kumwaga chozi, akaweka mikono kichwani na kutoa yowe ambalo nadhani lilisikika ng'ambo ya mto: "Yooo! Mama yooo! Baba Chola yooo!"

Mtaa ukaja mbio. Watu walikuwa wamebana vilio vifuani tangu milio ya bunduki ianze, na hapa walipewa mahali pa kulilia. Wanawake waliingia na mikeka, wakamshika mama wasimwache ajigonge. Wanaume wakaleta viti vyao. Wakakata matawi ya mparachichi wa jirani, wakayalaza barabarani mbele ya mlango wetu, makubwa, yenye majani mabichi. Mimi nilikaa katikati nikilia na kila mtu akinipapasa kichwa, na Mungu anisamehe, kwa dakika chache nilijisikia mtu muhimu.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Ngalula.

Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mkasai, mtu wa jimbo la jirani, mke wa karani. Mikate yake ya kukaanga ndiyo iliyokuwa inatuamsha kwa harufu. Lakini miezi ile Wakasai walikuwa wanafukuzwa. Vijana walipita mitaani wakiulizana nyumba ipi ni ya Wakasai, na wengi wa hao walikuwa wamekimbilia kambi ya mahema nje ya mji. Mume wa Mama Ngalula alitangulia kwa treni kwenda kutafuta pa kukaa, naye akabaki na masanduku yamefungwa kamba sebuleni, madirisha yamefungwa mchana kutwa. Mikate hakukaanga tena. Na sisi majirani, niseme ukweli, tulikuwa tumeacha kumsalimu barabarani. Mama alimpitishia makaa na unga juu ya ukuta wa nyuma. Siku hiyo Mama Ngalula alitoka kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya wanaume wenye viti, akaja kumkumbatia mama. Hakuna aliyemzuia. Kwenye kilio mtu hafukuzwi.

Sasa Baba Kalenga, aliyekuwa ameleta matawi yeye mwenyewe, akasimama akapangusa magoti. Mazoea ni kitu kibaya.

"Basi, niende kuzima mziki," akasema.

Akapiga hatua kadhaa. Akasimama. Akatazama juu ya mlingoti.

"Ah! Lakini iko imezimika tangu zamani."

"Ulishaizima," mimi nikasema kwa sauti, kwa uchungu. "Uliizima ju ya baba yangu, na hamukuniambia!"

Kelele zikapungua. Mama Ngalula alikuwa amepiga magoti karibu nami. Akanishika kidevu.

"Chola, mama. Nani alikuambia baba yako alikufa?"

"Baba Kalenga."

"Miye?" Baba Kalenga akaruka. "Miye? Mutoto huyu! Nilikuambia wapi, saa gani?"

"Ulizima mziki! Mziki inazimwa wakati mutu anakufa. Nimetafuta nyumba zote, hakuna matawi. Hakuna mutu anakosekana. Baba tu njo anakosekana."

Baba Kalenga alirudi akakaa kwenye kiti chake polepole, kama mzee.

"Mutoto," akasema, "courant njo ilikatika. Bunduki ilikata nyaya za umeme. Hata redio yenyewe sijui kama iko nasema. Haina kilio, mutoto. Ni courant tu."

Mama aliinua kichwa. Macho yamevimba, kilemba kimeanguka. Akaniuliza kama kweli hakuna mtu yeyote aliyekuja, kama hakuna barua, kama hakuna dereva mwingine aliyesema neno. Nikasema hakuna. Akacheka. Akalia. Akanipiga kofi la paja na palepale akanivuta kifuani, vyote kwa mkono mmoja. Kisha nikasikia mwili wake ukikakamaa.

"Mikosi!" akasema. "Shiye tulimulilia mutu iko muzima! Tulimulazia matawi! Tutafanya nini sasa?"

Hapo nyuso zote zikageuka tena. Maana hili si mchezo: kilio kikishaanza, kinataka maiti wake. Mmoja akasema tumwite padri. Mwingine akasema matawi yaondolewe upesi. Lakini nani ayaondoe? Matawi huondolewa na familia wakishatoka makaburini. Hakuna aliyewahi kuona matawi ya kilio bila kaburi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyagusa.

Mama Ngalula alisimama, akakung'uta magoti.

"Kilio inafungwa na nini?" akauliza. "Bantu banatoka ku makaburi, bananawa mikono, kisha mziki inafunguliwa. Haina vile? Basi. Tufungue mziki."

"Na courant iko wapi?" Baba Kalenga akasema.

"Fono yangu haikunywa courant hata siku moja."

Akatoka. Tukasikia kamba zikikatwa kwenye masanduku. Kisha dirisha lake la mbele, lile ambalo hatukuliona wazi kwa wiki na wiki, likasukumwa kwa nguvu maana mvua zilikuwa zimevimbisha mbao. Akaweka fono juu ya kizingiti, gramafoni ile ya kuzungusha kwa mkono. Akazungusha. Nilimwona akitazama barabara upande huu na upande ule kabla hajashusha sindano. Wakati ule nilidhani anatafuta watu wa kucheza.

Ilikuwa rumba. Mwanamume anaimba maneno ambayo hakuna mtu mtaani aliyeyajua, na nyuma yake tarumbeta moja, lakini si tarumbeta ya askari: hii ilikuwa kama mtu anayepiga mwayo asubuhi ya Jumapili. Mwanzo hakuna aliyejitingisha. Wanaume walikaa kwenye viti vya msiba, mikono magotini. Kisha kiatu cha Baba Kalenga kikaanza. Kiatu tu. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa bado anapangusa machozi akasema, "Mie nilikuwa na kilio yangu ingine, lakini tutaimaliza palepale," akafunga kitenge vizuri, akaingia barabarani. Mama aliniinua kwa mkono. Tulicheza mbele ya mlango wetu, juu ya maji ya ndoo, matawi yakiwa palepale, na watu walicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua zianze. Santuri ilipoisha Mama Ngalula akaigeuza. Zingine zilikuwa chini kabisa ya masanduku, basi tukasikiliza ile moja, mbele na nyuma, mpaka jua likashuka.

Kesho yake alasiri, Baba Kalenga alikuja na kiti chake. Hakualikwa. Akakiweka chini ya dirisha la Mama Ngalula na kusema, "Kilio haiyafungwa muzuri bado." Na wengine wakaja. Na kesho kutwa yake pia. Mama alisimamia jambo hilo kama dawa ya hospitali: mpaka baba arudi, mziki upigwe kila alasiri. Wale vijana walipita mara moja, santuri ikiwa inageuzwa, wakaona wazee wamejaa na viti mbele ya nyumba hiyo, wakavua kofia wakidhani ni msiba, wakaenda zao. Nilikuwa mtu mzima kabisa, nimeshazaa, ndipo nikaelewa Baba Kalenga alikuwa anakuja kufanya nini na kiti chake. Harufu ya mikate ilirudi asubuhi. Masanduku yalifunguliwa, moja baada ya jingine.

Matawi? Tuliyasogeza kwa fimbo mpaka kwenye mfereji, mbele ya mlango wetu, yakakauka hapo. Hakuna aliyethubutu zaidi ya hapo.

Na ndiyo yaliyomwona baba kwanza. Lori alikuwa ameliacha kwenye daraja lililovunjika, akaja kwa miguu, kwa baiskeli ya mtu, kwa lori la mwingine, kwa miguu tena. Pale mto Naviundu walimwambia mabomu yalianguka upande wetu. Akafika kwenye kona yetu alasiri, ndevu zimejaa, na kifurushi kimoja kwapani. Alitusimulia kisa hicho maisha yake yote, kila Noeli, na kila mara alisimama palepale kwenye hadithi.

"Niliona matawi mbele ya mulango yangu," alisema. "Makavu. Nikajua nimechelewa, bamezika zamani. Nikakaa chini, mu njia, kama mulevi. Nikajiuliza, njo mama ao njo mutoto? Sikuweza kutembea nikaone. Kisha nikasikia fono. Mi najua bantu ya mutaa yangu. Habawezi kupiga rumba pembeni ya kilio. Nikasema, basi, beko. Wote beko, bazima."

Mimi ndiye niliyemwona. Nilikuwa nacheza, nikageuka, na kwenye kona kulikuwa na mtu amekaa katikati ya barabara, anacheka peke yake na machozi yanamtoka. Nikamjua kwa kicheko, licha ya ndevu. Nilipiga kelele, viti vikaanguka, watu wakakimbia, na Mama Ngalula kwa heshima akanyoosha mkono ainue sindano ili watu wasalimiane vizuri.

"Ngalula!" mama akapaza sauti, hajageuza hata kichwa, anamtazama baba tu, kama kwamba akipepesa macho atapotea. "Usizime! Nakuomba, usizime!"

Mama Ngalula akarudisha mkono. Akashika ule mpini wa fono, akazungusha tena, akazungusha, na baba akaja akitembea juu ya matawi makavu mpaka kwetu, na mayai ya samaki kwapani.